Miti Mitano kwenye Kiwanja cha Ishirini kwa Ishirini

Masika yakikaribia, vitalu vya kando ya barabara jijini Dar es Salaam husogeza miche mpaka ukingoni mwa lami. Mwenye nyumba mpya akipita hapo, kutosimama ni kazi. Atachukua miembe miwili, michungwa mitatu, mparachichi, mfenesi na mkomamanga, na muuzaji atamwongezea mstafeli wa bure kwa kuwa kanunua vingi. Jioni miche imepangwa nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeuliza itakaa wapi ikishakuwa miti wala nani ataimwagilia Januari.

Mimi nashauri uanze na futi ya fundi na ndoo ya maji. Kitalu kije mwisho. Bustani nyingi za matunda za nyumbani hufa kwa kubanana au kwa kiu, na yote mawili hupimika kabla hujatoa shilingi. Nitakayosema yanahusu zaidi ukanda wa joto, kuanzia Tanga na Pwani mpaka Dar es Salaam na Morogoro mjini, na kiwanja ambacho wengi wetu tunacho au tunakitafuta: mita 20 kwa 20. Aliye Lushoto, Njombe au Tukuyu ana baridi yake na matunda yake, na mengine hapa hayatamhusu.

Mita 400 za mraba zinasikika nyingi mpaka nyumba isimame. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10 iliyoachiwa mita 3 mbele. Nyuma unabaki na ukanda wa mita 7 kwa 20, na humo tayari kuna shimo la choo, kamba ya kuanikia nguo, simtanki na pengine banda la kuku. Toa vitu hivyo. Kilichobaki ndicho shamba lako. Sasa chora kwenye karatasi duara la kila mti kwa upana utakaokuwa nao ukishakomaa: mwembe uliobebeshwa na kupogolewa kila mwaka mita 5, mchungwa au mchenza nao 5, mndimu, mpera na mstafeli mita 4 kila mmoja, mpapai mita 2. Maduara yakigusana si neno. Yakipandana, futa mti mmoja. Wengi wakimaliza zoezi hili hujikuta na nafasi ya miti minne au mitano, na hiyo inalisha familia kuliko wanavyodhani.

Mwembe ulioota wenyewe kwenye kokwa ni habari nyingine. Aliyeiona miembe mikongwe ya Ujiji na Tabora, ile iliyofuata njia za misafara, anajua mti huo ukiachiwa unafika wapi. Kwenye 20 kwa 20 utakula kiwanja chako na nusu ya jirani. Mfenesi ni vivyo hivyo. Mnazi hauna kivuli kizito, lakini nazi ikidondoka juu ya bati saa nane za usiku nyumba nzima inaamka, na ikidondoka juu ya mtu ni msiba.

Mti mkubwa uwe angalau mita 3 kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la choo, maana mizizi hufuata unyevu na ikipata ufa kwenye tofali huupanua. Tazama na juu. Mti ulio chini ya waya wa umeme siku moja utakatwa na watu wasiojua kupogoa.

Baada ya nafasi, maji. Mche wa mti wa matunda uliopandwa ardhini unahitaji, kwa makadirio yanayofaa udongo wetu wa kichanga, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki pale mvua inapokosekana, kwa mwaka wa kwanza na sehemu kubwa ya mwaka wa pili. Miti mitano ni ndoo kumi kwa wiki, yaani lita 200. Jiulize kwa ukweli: Agosti, bomba likiwa halitoi na dumu linanunuliwa kwa muuza maji wa mkokoteni, nitazipata? Kama unaziona ndoo sita tu, panda miti mitatu mwaka huu. Miwili itasubiri masika yajayo, na wakati huo mitatu ya kwanza itakuwa imeshusha mizizi na kupunguza dai lake.

Kama unategemea kisima, onja maji kwanza. Visima vingi vya ukanda wa bahari vina chumvi, na mparachichi, mwembe na jamii yote ya michungwa haivumilii. Utaona ncha za majani zikikauka na kuwa kahawia kama zilizounguzwa, na mbolea yoyote utakayoongeza haitasaidia. Mwenye maji ya namna hiyo asilazimishe. Mnazi na mkomamanga vitamkubali, na miche mingine aimwagilie kwa maji ya mvua aliyoyakinga kwenye bati, angalau ile miezi ya mwanzo.

Maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea usiyamwage barabarani. Yaelekeze kwenye migomba. Mgomba hunywa sana na haujali sabuni ya kawaida; kinachoudhuru ni maji yenye dawa kali ya kung'arisha nguo. Kwa sababu hiyo sehemu ya migomba nyumbani ni karibu na bafu au jiko la nje, na hilo bibi zetu walilijua bila kufundishwa na bwana shamba.

Sasa tuchague. Kosa la kawaida ni kupanda tunda unalolipenda zaidi, na kwa watu wengi wa Pwani hilo ni embe. Lakini embe za ukanda huu huiva zaidi kati ya Novemba na Januari, na wakati huo huo ndipo masoko yote yanafurika embe za bei ya kutupa. Mwembe mmoja unatosha nyumba yoyote. La pili ni chungwa: katikati ya mwaka malori ya Muheza hushusha machungwa mpaka yanauzwa kwa mafungu barabarani. Kwa hiyo mimi huanza na mti ambao watu huusahau, mndimu. Ndimu hutumika kila siku, kwenye samaki, kachumbari, chai ya mafua na supu ya asubuhi. Mti ukipata maji huzaa kwa awamu mwaka mzima. Na katika miezi ya uhaba ndimu moja sokoni hupanda bei mpaka mtu anaikamua mara mbili.

Wa pili ningepanda mstafeli, kwa sababu stafeli likiiva halisafiri. Huchubuka, hulainika na kuharibika ndani ya siku mbili tatu, ndiyo maana sokoni ni adimu na ghali. Tunda la namna hiyo mahali pake ni nyumbani. Halafu mpera, ambao hauna makuu, huzaa ndani ya miaka miwili au mitatu na watoto huuvamia wenyewe. Kisha mwembe mmoja, na mchenza au mchungwa mmoja. Hiyo ndiyo mitano.

Katikati yake weka mipapai mitatu na mashina mawili ya migomba. Hivi vitakupa chakula mapema: papai ndani ya mwaka, ndizi baada ya mwaka mmoja na kidogo, huku mwembe ukiwa bado unajipanga. Kivuli cha miti mikubwa kikianza kufunga, mipapai itakuwa imeshazeeka na unaiondoa bila majuto. Kwenye uzio panda pasheni ya njano, ile inayovumilia joto letu. Ya zambarau ni ya milimani.

Nisiondoke hapa bila kusema la parachichi. Kwa miaka ya karibuni Hass limekuwa wimbo, na miche yake inauzwa hata Kigamboni. Hass ni tunda la nyanda za juu. Linastawi Rungwe, Njombe, Siha na Lushoto kwa sababu ya ubaridi. Ukilipanda usawa wa bahari utapata majani mazuri na matunda ya kusikitisha. Ukitaka parachichi Pwani tafuta zile kubwa za kienyeji zenye ngozi laini zinazozaa mtaani kwako, na umuombe mwenye mti vikonyo vya kubebesha.

Kubebesha ndilo jambo linalofaa kueleweka kabla ya kwenda kitaluni. Mche uliobebeshwa ni miti miwili iliyounganishwa: chini kuna shina lenye mizizi imara, lililoota kwa mbegu, juu kuna kikonyo kilichokatwa kwenye mti mzima unaojulikana kwa uzazi wake. Kikonyo hicho tayari kina umri wa mama yake, ndiyo maana mwembe uliobebeshwa huzaa mwaka wa tatu au wa nne, wakati wa mbegu unaweza kukuchukua miaka sita, minane, na usijue utazaa nini. (Zipo embe zetu za asili ambazo kokwa moja huotesha miche kadhaa na baadhi ikafanana na mama yake. Ni bahati nasibu hata hivyo.) Papai hupandwa kwa mbegu, na stafeli la mbegu si baya. Embe, chungwa, chenza na parachichi usikubali bila kiungo.

Ukifika kitaluni, inama. Kiungo kiwe kiganja kimoja au zaidi juu ya udongo, kimepona vizuri, na plastiki ya kufungia isiwe bado inakaba shina. Unene wa juu na wa chini ulingane. Kisha tazama chini ya kiriba: mizizi minene iliyojikunja kuzunguka mfuko inaonyesha mche umekaa kitaluni muda mrefu mno, na mti wake utakuja kujinyonga wenyewe miaka mbele. Mche wa kimo cha kati, kiunoni au chini kidogo, ni bora kuliko ule mrefu mwembamba. Na usihadaike na mche uliotundikwa embe moja kubwa mlangoni pa kitalu. Tunda hilo linathibitisha kwamba kikonyo kilitoka kwenye mti mzima, basi. Linaunyonya mche ambao bado haujajiweza, na ukiununua itakubidi ulikate siku ya kupanda.

Uliza jina. Dodo, bolibo, viringe, sindano, Tommy, Kent: muuzaji asiyeweza kukutajia aina ya juu wala mti wa chini anauza majani. Vyuo na vituo vya utafiti ni mahali pa uhakika zaidi. SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wana bustani yao, na kituo cha utafiti cha TARI Tengeru karibu na Arusha ndicho chenye mazao ya bustani. Afisa kilimo wa kata yako pia anajua ni kitalu gani cha jirani kinachoaminika, na kumuuliza ni bure.

Kuna malalamiko nayasikia kila mara: "Mchungwa wangu umegeuka limau." Mti haugeuki. Michungwa yetu mingi hubebeshwa juu ya mlimau kwa sababu mlimau una mizizi shupavu. Chipukizi likitokea chini ya kiungo, hilo ni mlimau, nalo hukua kwa kasi kuliko chungwa. Mwenye nyumba hufurahi kuona mti unachangamka, anauacha, na baada ya miaka miwili mlimau umemeza kila kitu na chungwa limekufa kimyakimya. Kila mwezi pitisha kidole chini ya kiungo na ung'oe chochote kinachochomoza kingali laini. Sekunde tano tu.

Shimo lichimbwe kabla ya mche kununuliwa, mwezi mmoja hivi. Sentimita 60 kila upande na kwenda chini zinatosha. Udongo mweusi wa juu uweke upande wake na ule wa chini upande wake. Changanya wa juu na ndoo mbili za samadi iliyooza kabisa. Ya kuku isiyooza huunguza mizizi. Rudisha mchanganyiko huo, acha ushuke, na mvua zikishashika panda mche kwa kina kilekile uliokuwa nacho kwenye kiriba. Kiungo kisifukiwe kamwe. Chana kiriba na ukitoe chote, hata kama muuzaji amekuambia kitaoza. Mipapai ipandwe juu ya tuta dogo, kwa kuwa mizizi yake ikilala kwenye maji siku mbili imekwisha.

Pwani unaweza kupanda kwa vuli au kwa masika, na mimi nachagua masika. Mche wa vuli hupandwa Oktoba au Novemba, na kabla haujajiweza unakutana na Januari na Februari, jua kali na upepo mkavu. Wa masika hupata mvua ndefu, kisha kipupwe cha Juni na Julai ambacho hakiukaushi haraka. Tofauti hiyo utaiona kwenye ndoo.

Tandaza majani makavu kuzunguka mche kwa unene wa kiganja, ila acha nafasi ya shubiri moja kati ya matandazo na shina. Nafasi hiyo ni kinga dhidi ya mchwa. Kwenye udongo wetu mwingi mchwa hufuata nyasi kavu, na nyasi zikigusa gome hawatofautishi.

Mipapai ina siri yake: mbegu za tunda la kawaida hutoa dume na jike, na hujui nani ni nani mpaka maua yatoke. Panda miche mitatu kwa kila shimo. Dume hutoa maua madogo yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu. La jike ni nene na limekaa karibu na shina. Ng'oa madume na ubakize moja kwa bustani nzima, au hata hilo usibakize kama jirani analo. Aina chotara kama Red Lady hazina dume, lakini mbegu utakazotoa kwenye tunda lake hazitakupa Red Lady nyingine. Migomba nayo iwekee utaratibu wa vizazi: kila shina liwe na mama anayezaa, binti anayefuata na mjukuu mdogo, na machipukizi mengine yakatwe. Ukiacha yote, utapata msitu wenye ndizi za ukubwa wa kidole.

Kupogoa watu wanakuogopa bure. Mwembe ukifika usawa wa kiuno au kifua, kata ncha. Utatoa matawi, bakiza matatu yanayotazama pande tofauti. Baada ya hapo, kila ukimaliza kuvuna rudisha urefu chini, ili embe ya juu kabisa uifikie kwa kiti. Usikate Juni au Julai, kwa sababu ncha unazoziondoa ndizo zilizokuwa zinajiandaa kutoa maua. Maua ya mwaka wa kwanza yakitoka, yaondoe. Inauma, lakini mti unajenga mwili. Mbolea weka kabla ya mvua, ndoo moja au mbili za samadi kwa mti, chini ya ncha za matawi ambako mizizi inayokula ipo. Kuirundika shinani ni kulisha mchwa tu.

Kati ya wadudu wote, ninayemhofia ni mmoja. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na tangu hapo amesambaa sehemu kubwa ya Afrika. Hutoboa embe au pera lililokaribia kuiva na kutaga ndani, na ukilikata unakuta funza. Kunyunyiza sumu kwenye miti mitano ya nyumbani sioni maana, kwa kuwa funza wako ndani ya tunda na wanao nao wanalila tunda hilohilo. Kinachosaidia ni usafi usio na uvivu. Kila asubuhi okota matunda yaliyoanguka, yaloweke kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko kwa wiki nzima au yafukie chini kuliko urefu wa goti. Usiyatupe kwenye mboji wala nyuma ya ukuta, utakuwa unafuga. Mapera na embe za kwanza zivishe mifuko ya karatasi zikiwa bado ngumu. Embe vuna zilizokomaa kabla hazijalainika, uzivundike ndani. Na ongea na majirani, maana nzi hajui mipaka ya viwanja.

Msaidizi unaye tayari. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, maji moto, ambao kila mtu hutaka kuwachoma, huwinda wadudu wanaofyonza minazi na mikorosho na huwatimua nzi wa matunda kwenye miembe. Wakikujia, waachie mwembe. Siku ya kuvuna vaa mikono mirefu, uingie asubuhi mapema kabla hawajachangamka, na utang'atwa vilevile.

Wapangaji wataniuliza wao wafanyeje, na swali ni la haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya mji inapanga. Usimpandie mwenye nyumba mwembe. Embe zake atazila mrithi wako. Kama mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili, mipapai na pasheni vitakulipa kabla hujahama. Mndimu uliobebeshwa na mkomamanga huishi vizuri kwenye pipa lililokatwa nusu na kutobolewa chini, lijazwe udongo, mchanga na samadi kwa mafungu sawa. Pipa hukauka haraka kuliko ardhi, hivyo wakati wa jua kali ni maji kidogo kila siku, na kila masika kwangua udongo wa juu uongeze mboji. Siku ya kuhama, mwambie mwenye guta mapema kwamba kuna mti, alete na mtu wa pili wa kubeba, na uulaze juu ya magodoro, matawi yakielekea nyuma.